Meya Aliahidi Matatu

Kila asubuhi, mwaka ule wa 1974, niliamshwa na mlio wa kiberiti. Shangazi Persis alikuwa akiwasha jiko la mafuta. Alichemsha chai, akakata vipande viwili vya mkate, changu na chake, akavaa viatu vyake vya ofisini, kisha akasema, "Funga mlango vizuri." Basi, maneno yetu ya siku yakawa yamekwisha. Jioni aliporudi kutoka kupiga taipu kutwa nzima, alitia miguu ndani ya beseni la maji ya moto na kufumba macho. Shangazi yangu hakuwa mtu mbaya, msimdhanie hivyo. Alikuwa amechoka. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili atazungumza nini na mtu aliyefumba macho?

Mimi naitwa Nyamoita. Nilizaliwa Nyamira, katika nyumba ya watoto saba, ambamo hata kulala kulikuwa kwa kusukumana. Baba alisema mjini Kisii kuna shule nzuri, na dada yake anaishi peke yake pale Nyanchwa, basi niende. Nikaenda katikati ya mwaka. Darasa la sita lilikuwa na wanafunzi arobaini, na madawati yalikuwa ya wawili wawili. Mimi nilikuwa wa arobaini na mmoja. Mwalimu Manasseh alinipa dawati la nyuma karibu na dirisha. Niliketi upande mmoja, na upande wa pili nikaweka mfuko wangu ili pasionekane patupu.

Nilikuwa mpweke. Nasema wazi, kwa sababu watu wazima hudhani upweke ni wa kwao tu. Wakati wa mapumziko wasichana waliruka kamba, na kamba ilikuwa na wenyewe. Hawakunifukuza, hawakuniita. Nilisimama kando nikijifanya nahesabu mabati ya paa la ofisi.

Kitu kimoja tu nilikiweza kuliko wenzangu wote, nacho ni Kiswahili. Nyumbani na sokoni watu walizungumza Ekegusii. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, cha ofisini, na cha kuzungumza na wageni. Akina mama waliouza ndizi sokoni walijua "ngapi" na "ongeza kidogo", basi, mengine wakamalizia kwa vidole. Siku moja nikipita njiani kurudi nyumbani, nilimkuta mwanamke mmoja mzee akibishana kwa vidole na mnunuzi kutoka upande wa ziwani. Kila mmoja alikuwa amekasirika, na kumbe walikuwa wamekubaliana tangu zamani! Niliwatafsiria. Mnunuzi akachukua mikungu mitatu. Yule mama akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasogeza gunia lake, akasema, "Keti."

Huyo ndiye Mong'ina. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Aliishi peke yake upande wa Mosocho, na siku za soko alikuja mjini kwa miguu na mkungu kichwani. Tangu siku hiyo sikupita tena sokoni kama mgeni. Nilikuwa na mahali pa kuketi, walau kwa nusu saa kila jioni ya soko.

Ndipo mji ukapata kiongozi mpya. Kwenye karatasi aliitwa mwenyekiti wa baraza la mji, lakini sokoni nani ana nafasi ya jina refu namna hiyo? Tulimwita Meya. Jina lake lilikuwa Obadiah Ombui, mtu mrefu aliyekuwa fundi seremala kabla ya kuingia katika mambo ya kura. Ikatangazwa kwamba Jumatatu alasiri atazungumza na wananchi uwanjani na kueleza atakayoufanyia mji.

"Atasema, atasema, halafu tutanyeshewa kama kawaida," alisema Mama Jemimah, jirani ya Mong'ina pale sokoni. Jemimah alikuwa mnene, mcheshi, na haamini kitu mpaka akiguse.

"Wewe nawe! Mtu hajafungua mdomo umeshamhukumu," Mong'ina akamjibu. "Tumsikilize kwanza."

"Tutamsikilizaje? Jumatatu ni siku ya soko. Niache ndizi zangu zijiuze zenyewe?"

Ilikuwa kweli. Isitoshe, Meya angezungumza Kiswahili, kwa kuwa mji ulikuwa na watu wa kila aina: watu wa ziwani, Wahindi wenye maduka, na makarani kutoka mbali. Akina mama wakatazamana. Kisha wote wakanitazama mimi.

"Nyamoita," akasema Mong'ina, "una masikio na una Kiswahili. Nenda utusikilizie."

Jamani, sikuwahi kutumwa jambo kubwa namna hiyo maishani mwangu. Jumatatu kengele ya mwisho ilipolia, nilikimbia hadi uwanjani, nikapenya katikati ya miguu ya watu wazima, nikafika mbele kabisa. Meya alisimama juu ya meza. Hakuwa na karatasi mkononi.

"Nawaahidi mambo matatu," alisema. "Kwanza, soko litapata paa la mabati na sakafu ya saruji. Pili, kutakuwa na bomba la maji kando ya soko. Tatu, barabara ya kutoka sokoni hadi hospitali itawekwa taa. Ni hayo tu. La nne siwaahidi, maana sina uwezo nalo."

Watu walipiga makofi. Wengine walicheka. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mbona machache hivyo?" na mzee aliyekuwa karibu naye akamjibu, "Machache ya kweli si bora kuliko mengi ya hewa?" Kukawa na mabishano pale chini. Meya akainua mkono.

"Sasa, akina mama wa sokoni, hili ni lenu. Kila atakayetaka nafasi chini ya paa jipya..."

Papo hapo mvua ikashuka. Mnaijua mvua ya Kisii ya alasiri. Haibishi hodi. Nilikimbilia barazani kwa duka moja, nikasimama huko nikitetemeka, na ilipokatika, Meya alikuwa ameshateremka mezani na watu wanatawanyika. Sikusikia lile la mwisho. Kando yangu barazani alikuja kusimama mwanamume mwenye mwavuli aliyebaki uwanjani mpaka mwisho. Kumuuliza kungenigharimu nini? Maneno mawili tu. Lakini nilizoea kutozungumza na watu. Sikumuuliza.

Sokoni walikuwa wakinisubiri. Akina mama kumi na wawili waliacha biashara zao, wakanizunguka. Jemimah alinipandisha juu ya kreti tupu. Nikawaambia kwa Ekegusii: paa, bomba, taa. Wakapiga vigelegele! Mmoja alinikumbatia kwa mikono yenye harufu ya ndizi mbivu. Nilisikia joto hadi kwenye masikio.

Halafu makelele yakapungua. Nikaona duara linaanza kulegea, kila mmoja akigeukia mikungu yake. Habari zangu zilikuwa zimekwisha, na mimi pamoja nazo.

"Na hawa watoto tunaowabeba mgongoni kutwa?" aliuliza Jemimah, akigeuka kuondoka. "Hakuwakumbuka?"

"Aliwakumbuka," nikasema.

Duara likarudi. Niliona jinsi nyuso zilivyogeuka zote kwa mara moja. "Atajenga nyumba ya watoto, hapa hapa kando ya soko. Kutakuwa na mama wa kuwalea." Maneno yalitoka yenyewe, wala sikuyatafuta. Mwingine akauliza habari ya mahali pa kuketi, nikasema kila mmoja atapata benchi. Mwingine akauliza kama kutakuwa na moto wa kupikia uji, nikasema jiko litakuwepo, kubwa, la chuma. Kila nilipojibu ndiyo, walicheka na kupigana mabega, na mimi juu ya kreti nilicheka pamoja nao.

Wa mwisho kuuliza alikuwa Mong'ina. Aliuliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu.

"Na sisi tusiojua kusoma na kuandika, tutapataje hizo nafasi? Tuende wapi?"

Hilo ndilo nililolikosa kwa sababu ya mvua. Ningeweza kusema, "Sijui, mama." Ni neno jepesi. Lakini nilikuwa nimejua mambo yote kwa robo saa nzima, na nilipenda kuwa mtu anayejua.

"Msiende popote," nikasema. "Majina yenu yameshaandikwa."

Mong'ina akashusha pumzi. "Mbuya mono," akasema, yaani vizuri sana, akanipa ndizi mbili. Jumanne na Jumatano niliitwa na akina mama wa safu nyingine niwasimulie pia. Nikasimulia yote saba, matatu ya Meya na manne yangu. Nilianza hata kuyaamini. Usiku nililala vizuri.

Alhamisi asubuhi Mwalimu Manasseh aliingia darasani na karatasi mkononi.

"Hii imetoka ofisi ya baraza la mji," alisema. "Kila mama anayetaka nafasi katika soko jipya lazima afike mwenyewe ofisini kuandikishwa. Asiyejua kuandika atatia alama ya kidole. Mwisho ni kesho Ijumaa, saa kumi jioni. Atakayekosa atasubiri mpaka soko lipanuliwe, na hiyo ni miaka. Waambieni mama zenu leo hii."

Sikumbuki somo lililofuata. Jioni nilienda sokoni nikiwa nimeazimia kusema ukweli, na nilikuwa nimepanga hata neno la kuanzia. Nilipofika, Jemimah alikuwa amenihifadhia mhindi wa kuchoma, ameufunika kwa jani la mgomba usipoe. "Meya wetu mdogo amekuja!" akapaza sauti. Wakanisogezea gunia. Mong'ina alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani, anazungumza kuliko nilivyowahi kumsikia. Alisema akipata mahali pasipo jua wala mvua, ndizi zake hazitaharibika tena, na huenda akaweza kukodi mtu wa kumbebea mikungu, maana magoti yake yameanza kukataa kazi.

Nikala ule mhindi wote. Lile neno la kuanzia nikalimeza pamoja nao. Nilijiambia kwamba wana watoto shuleni, na watoto wao watawaambia. Woga wangu uliona hiyo ni akili.

Na kweli, watoto waliwaambia. Shule yetu ya Wasabato ilituachia saa sita kila Ijumaa, ili watu wapate kujitayarisha kwa Sabato kabla ya jua kuzama. Nilipita ofisi ya baraza la mji. Kulikuwa na foleni ndefu ya akina mama hadi barabarani. Jemimah aliponiona, alitoka kifua mbele, ila mguu mmoja akauacha kwenye foleni asije akanyang'anywa nafasi.

"Wewe! Majina yameandikwa, eeh? Yameandikwa wapi? Mawinguni? Kama si kijana wangu kuniambia jana usiku, leo ningekuwa nyumbani nikichambua mboga!"

Wengine wakageuka kunitazama. Hakuna aliyecheka. Nilitafuta kitambaa kipya kichwani mwa mtu mmoja, nikakitafuta mbele ya foleni na nyuma.

"Mama Mong'ina yuko wapi?" nikauliza.

Hasira ya Jemimah ikakatika. "Mong'ina? Leo ni Ijumaa. Mong'ina Ijumaa haji mjini, anatayarisha Sabato." Akatazama barabara ya Mosocho. "Na nani angemwambia? Hana mtoto wa shule."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Wenye watoto walikuwa wameponywa na watoto wao. Mong'ina hakuwa na mtoto wa kumletea habari ila mimi.

"Nendeni mmwite!" nikasema, nikilia.

"Niache foleni? Nina midomo sita nyumbani. Uliyevuruga ni wewe, miguu unayo."

Niliweka mfuko wangu miguuni pake, nikakimbia. Kutoka mjini hadi Mosocho ni mwendo, na nyumba ya Mong'ina ilikuwa mbele ya Mosocho tena, chini ya mteremko. Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia. Barabara ilikuwa na watu wanaorudi nyumbani mapema, wengine na nguo zilizofuliwa begani, wengine na mitungi ya maji. Kila mtu alikuwa na mahali pa kwenda na mtu wa kumngoja. Niliuliza njia mara tatu. Ajabu, siku hiyo sikuona haya kumuuliza mtu yeyote.

Nilifika yapata saa nane. Mong'ina alikuwa uani, amechemsha chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu, na viazi vitamu viko motoni. Ua ulikuwa umefagiwa hadi njiani. Aliponiona alisimama, akapangusa mikono, uso wake ukafunguka wote.

"Nyamoita! Umekuja kunitembelea? Umekuja kula Sabato kwangu?" Akageuka haraka kutafuta kigoda. "Hakuna anayekuja huku, mwanangu. Keti, keti. Chakula kiko karibu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilibaki nimesimama.

"Mama, nilidanganya. Majina hayakuandikwa. Meya aliahidi mambo matatu tu, mengine ni yangu mimi. Lazima uende mwenyewe ofisini leo, kabla ya saa kumi."

Alinitazama. Sikujua kwamba uso unaweza kujifunga polepole namna ile. Hakunipiga, wala hakunitukana. Aliinama akatoa kuni motoni, akafunika sufuria, akaingia ndani, akatoka amevaa kitambaa chake kipya.

"Twende," akasema.

Njia nzima hakusema neno lingine. Alitangulia, magoti yake yakimsumbua, nami nikafuata hatua tano nyuma. Mara moja nilijaribu kumpa mkono kwenye mteremko, akashika mti badala yake. Nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye dawati miezi mitatu, lakini kukaa peke yako si sawa na kutembea nyuma ya mtu uliyemvunja moyo. Hii ya pili inauma zaidi. Nililia bila sauti asije akadhani nataka anionee huruma.

Tulipofika, foleni haikuwepo. Karani aliyeitwa Obura, mtu wa kutoka upande wa ziwani, alikuwa mlangoni, ufunguo mkononi.

"Tumefunga," akasema kwa Kiswahili. "Saa kumi imepita. Mama huyu alikuwa wapi wiki nzima?"

Mong'ina hakuelewa, lakini alielewa ule ufunguo. Akanishika bega, mara ya kwanza tangu tuondoke kwake, na akazungumza kwa Ekegusii.

"Mwambie maneno yangu, usiongeze, usipunguze. Mwambie mimi ni mjane, nauza ndizi mwaka wa kumi na mbili sasa, juani na mvuani. Mwambie sikuja kwa sababu mtoto huyu alinidanganya. Mwambie hivyo hivyo."

Obura hakujua Ekegusii. Mong'ina hakujua Kiswahili. Niliyejua zote mbili ni mimi peke yangu. Ningeweza kusema mama alikuwa mgonjwa. Karani angemhurumia mgonjwa, pengine angefungua mlango, na hakuna ambaye angejua. Uongo huo ulikuja tayari, mzuri kabisa, mpaka kwenye ulimi. Na safari hii ungemsaidia! Lakini mkono wa Mong'ina ulikuwa begani mwangu, na nilikuwa nimeshamchagulia maneno mara moja. Sikuwa na haki ya kumchagulia tena.

"Bwana Obura," nikasema, "mama huyu anasema yeye ni mjane, anauza ndizi mwaka wa kumi na mbili sasa, juani na mvuani. Anasema hakuja kwa sababu mtoto huyu alimdanganya." Nikajionyesha kwa kidole. "Mtoto huyo ni mimi."

Obura aligeuza ufunguo mkononi. "Pole, mama. Lakini amri ni saa kumi. Nikimfungulia mmoja, kesho nitaambiwa nina upendeleo. Mwambie hivyo."

Hilo nalo nikalitafsiri, neno kwa neno. Ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mong'ina aliitikia kwa kichwa, akageuka kuondoka.

"Mama, ngoja," ikasema sauti kwa Ekegusii.

Meya Ombui alikuwa amesimama ndani, nyuma ya Obura, koti lake mkononi. Sijui alikuwa amesikiliza tangu lini. Alitoka nje akamwamkia Mong'ina kwa heshima. "Nimesikia ulivyosema kwa lugha yetu, na nimesikia mtoto alivyosema kwa Kiswahili. Hakuongeza wala hakupunguza." Kisha akamgeukia karani. "Obura, umeshafunga ofisi?"

"Nilikuwa nafunga, mzee."

"Basi hujafunga. Daftari lina nafasi?"

"Zimebaki mbili."

Mong'ina akaingia, akatia kidole chake wino, akakibandika kwenye daftari. Mimi nilibaki kizingitini. Meya akaja akasimama mbele yangu.

"Kumbe ni wewe! Tangu Jumanne watu wananishukuru njiani kwa nyumba ya watoto. Jana nimeletewa mkungu mzima wa ndizi kwa ajili ya jiko la chuma. Nikajiuliza, Ombui, umeanza kusahau maneno yako mwenyewe?" Hakucheka, ingawa mdomo wake ulitaka. "Ahadi ni deni, msichana. Mimi nina madeni matatu, na hayo peke yake yananinyima usingizi. Wewe umeniongezea manne. Nani atayalipa?"

"Sijui, mzee," nikasema.

"Angalau sasa unajua kusema hujui. Jumatatu panda pale pale uliposimama, uwaambie yapi ni yangu na yapi ni yako."

Mong'ina alitoka, akaenda zake kwa haraka kulifukuzia jua kabla halijazama. Hakuniaga.

Jumatatu nilipanda kreti. "Meya aliahidi matatu," nikasema, nikayataja. "Nyumba ya watoto ni uongo wangu. Mabenchi ni uongo wangu. Jiko ni uongo wangu. Na majina kuandikwa ni uongo wangu, na huo ndio mbaya kuliko yote. Naomba mnisamehe."

Mmoja alifyonza. Mwingine akasema watoto wa siku hizi wameharibika. "Na mimi nilishamwambia binti yangu aniletee mjukuu nimlee hapa hapa sokoni!" akapiga kelele Jemimah, na watu wakacheka, lakini hawakucheka pamoja nami. Walinicheka mimi tu. Kisha wakarudi kwenye mikungu yao mmoja mmoja. Safari hii sikuwa na la kuwarudisha. Nikashuka, nikachukua mfuko wangu alionitunzia Jemimah, niondoke.

"Nyamoita."

Mong'ina alikuwa ameketi kwenye gunia lake. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Unajua kilichoniuma?"

"Uongo, mama."

"Uongo uliniuma. Ungenipotezea nafasi yangu, na mwenye magoti haya hawezi kungoja miaka. Njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo wako ulikuwa umeshanibeba mimi mpaka ukingoni. Usisahau hilo hata ukiwa mzee." Akachukua ndizi, akaigeuza mkononi, akairudisha. "Lakini kuna lililoniuma zaidi. Ijumaa nilipokuona njiani nilifurahi. Nilidhani umekuja tu."

Machozi yalinidondoka kwenye sare.

"Wewe ulifikiri tunakuita kwa sababu ya habari. Hivyo habari zilipoisha, ukatengeneza nyingine. Siku ile ya kwanza nilipokusogezea gunia, ulikuwa umeshamaliza kutafsiri. Mnunuzi alikuwa ameondoka. Nilikuwa na haja gani nawe tena? Nilikuona mtoto hana pa kuketi, basi. Sema ukweli, hata ukiwa mfupi. Na ukiwa huna la kusema, nyamaza. Mtu hafukuzwi kwa kunyamaza."

Akasogea kidogo. Niliketi. Wateja walikuja na kwenda, na hakuna aliyezungumza nami jioni ile, hata yeye. Jua liliposhuka alianza kufunga mizigo yake, nami nikamshikia kamba.

"Mwombe shangazi yako ruhusa," akasema bila kunitazama. "Ijumaa uje kula Sabato kwangu."

"Mama, sina cha kukuletea."

"Ndiyo," akasema. "Uje hivyo."